Mlio Nyuma ya Sauti

Kila alipotoka shuleni, Chenga aliweka begi lake nyuma ya mizani, akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kuinama chini ya bomba la mashine ya kusaga. Kazi yake ilikuwa kushika mdomo wa mfuko ili unga ushuke bila kumwagika. Jina lake la kuandikishwa alilijua mwalimu. Wengine wote walimwita Chenga, kwa vile alikuwa mdogo wa umbo kama chenga zinazobaki kwenye ungo. Na jioni, alipotoka pale na nyusi na kope nyeupe, wenzake hawakumwacha.

"Shikamoo bibi kizee!" walimtania. "Umezeeka kabla ya bibi yako!"

"Marahaba, wajukuu zangu," Chenga aliwajibu. "Njooni niwatume dukani."

Mashine ile ilikuwa ya bibi yake, mjane mcha Mungu asiyependa maneno mengi. Aliachiwa na marehemu babu. Aliyeiendesha ni Mjomba, mtoto wa kiume wa Bibi. Na mashine hiyo ilikuwa na ada yake. Kila mfuko wa mteja ulipokwisha kusagwa, Mjomba alichukua kipande cha nondo na kugonga: mara mbili kwa nguvu kwenye bati la juu, kisha mara moja, kwa upole, kwenye bomba la chini. Ngo! Ngo! Ti. Unga uliokwama ukadondoka kwenye mfuko wa mwenyewe, ndipo mahindi ya mtu mwingine yakamiminwa. Hakuna mashine nyingine mtaani iliyofanya hivyo. Wengine walifurahia unga ule uliobaki, wakaukusanya na kuuza. Lakini babu hakutaka, na Bibi hakutaka.

"Unga wa mtu ni amana," Bibi alizoea kusema. "Hata ukiwa wa kijiko, aondoke nao."

Chumba cha mashine walikipanga kwa mtu aliyeitwa Tajiri. Jengo lote lilikuwa lake, pamoja na ghala lililokuwa nyuma, ukuta kwa ukuta na mashine, ila mlango wake ulitokea mtaa wa pili. Tajiri alikuwa mtu wa sauti ya chini. Viatu vyake havikushika vumbi hata siku za upepo. Alasiri alipenda kukaa kwenye benchi la mlangoni, akiwagawia watoto peremende, na watu walimsifu kwa ukarimu wake.

Mjomba naye alikuwa na starehe moja. Wateja wakipungua, alizima mashine ipoe, akafungua simu na kusikiliza kipindi ambacho wenyewe hukiita podikasti. Humo mtangazaji, mama mmoja mwenye sauti tulivu, alisimulia habari za watu waliouawa na wauaji wao wasijulikane.

"Zima hiyo," Bibi alimwambia mara nyingi. "Damu ya watu si ya kujiburudisha."

"Mama, hawaburudishi. Wanatafuta ukweli uliopotea," Mjomba alijitetea.

"Basi waupate, lakini wasinitie baridi moyoni."

Alasiri moja Bibi alikuwa ameingia ndani kuswali. Mjomba na Chenga walikaa juu ya magunia, simu katikati yao. Siku hiyo mtangazaji alisimulia habari za msichana aliyekuwa karani wa ghala moja. Alitoweka, na miaka ikapita tangu mwili wake uokotwe kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Mwajiri wake aliwaambia polisi kwamba siku ile alifunga ghala mchana, akamsindikiza msichana hadi kituo cha mabasi, na hakumwona tena. Polisi wakatafuta huko kituoni hadi wakachoka, na jalada likafungwa.

"Mama yake ameniletea simu yake ya zamani," alisema mtangazaji. "Ndani yake mna ujumbe wa mwisho wa sauti wa mwanawe, uliotumwa jioni ile. Sikilizeni."

Ikaja sauti ya msichana, changa na yenye haraka: "Mama, nachelewa kidogo. Usifunge mlango, nakuja."

Basi. Maneno hayo tu. Lakini nyuma yake kulikuwa na mngurumo. "Wapelelezi wa wakati ule walidhani ni mabasi," mtangazaji aliendelea. Akaurudisha ujumbe na kuuongeza sauti.

Mngurumo. Kisha, mbali, kama kutoka ng'ambo ya ukuta: Ngo! Ngo! Ti.

Chenga alimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ametoa macho kama mtu aliyeona nyoka kitandani kwake.

"Mjomba, hiyo si..."

"Nyamaza!" Mjomba alizima simu. "Hujasikia kitu, mimi sijasikia kitu. Jengo hili la nani? Ghala hilo nyuma ni la nani? Tukifukuzwa hapa tutakula wapi? Kuta zina masikio, Chenga."

Usiku ule Chenga hakupata usingizi, maana kila alipofumba macho aliisikia ile sauti changa: Usifunge mlango, nakuja.

Kesho yake shuleni, mwenzake wa dawati, binti wa fundi simu, alimsogelea. "Umesikiliza kipindi cha jana? Yule karani! Mwajiri ndiye muuaji, naapa. Laiti ningemjua, ningeibandika picha yake mtandaoni watu wamle mzima mzima!"

Maneno yalimjaa Chenga mdomoni. Angesema moja tu, angekuwa malkia wa darasa. Lakini alikumbuka mtangazaji alivyosema mwishoni mwa vipindi vyake vyote: anayejua jambo aende polisi, asimtaje mtu ovyo, kwani ulimi nao huua. "Mimi sijui muuaji," alisema, na huo ulikuwa ukweli.

Jioni Tajiri alikuja kama kawaida, ila hakukaa kwenye benchi. Alisimama ndani, karibu na mashine, akasubiri Mjomba amalize mfuko. Ngo! Ngo! Ti.

"Bibi," alisema kwa upole, "huko kugonga kwenu mkuache."

Bibi aliinua macho kutoka kwenye mizani. "Kuna nini, baba? Tumegonga tangu enzi za marehemu mume wangu. Hujawahi kulalamika."

"Kichwa kinaniuma siku hizi. Kelele." Alitabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Wapangaji wanaoweza kunyamaza ni wengi, Bibi. Sitaki tufike huko."

Kisha akamgeukia Chenga na kumnyooshea peremende. "Na wewe, mjukuu wangu. Watoto wa siku hizi mnasikiliza nini kwenye simu?"

"Simu si yangu, babu," Chenga alijibu. "Mimi nashika mfuko tu."

Tajiri alimtazama kitambo, akaiacha peremende juu ya mizani, akatoka. Hakuna aliyeigusa.

Mjomba alipotoka kwenda kufunga madirisha, Bibi alimwita Chenga. Macho ya Bibi hayakuwa makali, lakini hayakukosa kitu. "Tangu jana hamtazamani, wewe na mjomba wako. Leo mwenye nyumba kaja kuogopa nondo. Sema, mama. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua."

Chenga alisema yote. Mjomba aliporudi, alikuta mambo yamekwisha fumuka, akatoa simu bila kuulizwa.

Bibi alisikiliza kwa kuinama, sikio karibu kabisa na simu. Mlio ulipofika, alishika ukingo wa mizani. "Rudisha," alisema. Mjomba akarudisha. "Rudisha tena."

Machozi yalimdondoka kimya kimya.

"Si mkono wako huo, mwanangu," alimwambia Mjomba. "Wewe ukigonga, pigo la tatu hufuata upesi. Huyu amekawia. Baba yako alikuwa na kidonda cha bega, mkono haukushuka chini haraka. Huyo ni baba yako. Alikuwa hapa anamgongea mtu unga wake, na yule binti alikuwa hapo nyuma ya ukuta, hai."

Nyuma ya ukuta, ndani ya ghala, walisikia hatua za mtu zikitembea taratibu, kisha zikasimama.

Mjomba alinong'ona, "Mama, atatufukuza. Au atatufanya kama yule."

"Ndiyo maana tunakwenda polisi sasa, tukiwa watatu, njia ya watu wengi." Bibi alikuwa anajitanda. "Riziki haitoki kwa mwenye nyumba. Inapitia kwake tu."

"Tukawaambie Tajiri kaua?" aliuliza Chenga.

"Hapana!" Bibi alimshika bega. "Uliona akiua? Mimi pia sikuona. Tutasema tulichosikia na tunachokijua, na hapo tutatia nukta. Ukiongeza chumvi kwenye ushahidi, umeuharibu kama uji."

Kituoni walipokelewa na mpelelezi wa kike. Mwanzo alisikiliza huku ameshika tama. Bibi alipoeleza juu ya pigo la tatu, alikaa wima na kufunga mlango wa ofisi.

"Bibi, una hakika?"

"Afande, nililala na kuamka na mtu yule hadi tukazeeka. Kama kuna mahali sina hakika, nitakuambia sina."

Polisi walifika kesho yake na amri ya mahakama. Mjomba aliwasha mashine na kugonga, huku mpelelezi akinasa sauti mtaani, kisha uani, kisha ndani ya ghala. Mlio uliofanana na ule wa ujumbe ulipatikana ndani ya ghala tu, katika kijichumba cha karani. Maneno ya ghala kufungwa mchana yakaanza kuanguka. Polisi walimtafuta mzee aliyekuwa mlinzi wa ghala wakati ule, aliyehamia mbali na kukaa kimya kwa woga. Alipoambiwa kwamba wengine wamekwisha sema, naye akafungua kinywa: alimwona binti akiwa ndani jioni ile akigombana na Tajiri, maana alikuwa amegundua magunia ya wizi, na gizani alimwona Tajiri akipakia kitu kizito garini.

Kesi ilichukua muda. Ndugu za Tajiri waliwatoa kwenye kile chumba cha mashine, na kwa miezi mashine ilikaa chini ya turubai bila kusaga hata punje. Bibi alishona mikeka, Mjomba akabeba mizigo, na Chenga akajifunza kulala na njaa kidogo. Hakuna aliyelalamika, ingawa Mjomba alinung'unika. Mwishowe mahakama ikamtia Tajiri hatiani, na mwenye kiwanda kimoja cha matofali pale mtaani akawapa kibanda cha kuwekea mashine.

Siku ya kwanza ya kusaga, alikuja mama mmoja asiyejulikana mtaani, ana kifuko kidogo cha mahindi. Mjomba alisaga. Kisha, kabla hajashika nondo, yule mama alisema, "Mimi ndiye niliyeambiwa nisifunge mlango."

Mjomba aliiweka nondo mkononi mwa Bibi. Bibi aligonga mwenyewe. Ngo! Ngo! Akangoja. Ti. Unga kidogo ukadondoka kwenye kifuko alichokishika Chenga. Yule mama aliinamisha kichwa, akalia kwa muda mrefu, na Bibi akakaa naye.

Alipokwisha kuondoka, Chenga aliuliza, "Bibi, kama tungenyamaza?"

Bibi alipangusa unga kwenye kope za mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, tunagonga ili cha mtu kisibaki kwetu. Ukweli wa yule binti ulibaki kwetu miaka yote bila sisi kujua. Huko hatuna lawama. Siku tulipojua, ukawa amana, na amana haikai ndani kwa sababu unaogopa. Unamrudishia mwenyewe, kamili, bila kupunguza na bila kuongeza." Akageuka mlangoni. "Haya, shika mfuko. Kuna mtu anasubiri unga wake."