Tyubu Kwenye Koti la Silvano

"Silvano, hii dawa ni ya nani?"

Editha alikuwa ameshika koti la mchumba wake kwa mkono mmoja, alitaka kulifua tu. Mkono wa pili ulikuwa na tyubu ya acyclovir iliyominywa ikabaki nusu. Zilisalia wiki tatu wafunge ndoa.

Silvano alipandisha barakoa. Wiki nzima hakuivua mbele yake, eti vumbi la kazini Ihumwa.

"Ya Iddy wa kazini. Aliisahau."

"Ndani ya koti lako?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia mezani. Editha akaiwahi, akausoma ujumbe ulioingia.

"Paka mara tano kwa siku. Usimbusu mtu mpaka pakauke. Zaitun."

Damu ikamchemka. Yeye hajabusiwa siku nane!

"Zaitun ni nani?"

"Muuza dawa. Edi, tuongee jioni..."

"Jioni ongea na kuta."

Akatoka na tyubu. Njiani akaitafuta ile dawa mtandaoni. Herpes, virusi vya malengelenge. Sehemu za siri. Akaipiga namba aliyoikariri.

"Zaitun, uko wapi?"

"Dukani Ipagala, nyuma ya soko. Nani mwenzangu?"

Akakata. Alijiandaa kukuta msichana, akakuta mama mtu mzima mwenye miwani. Hasira zote zile, bado shikamoo ikamtoka.

"Marahaba, mwanangu."

Editha akaibwaga tyubu juu ya kaunta.

"Mchumba wangu kaambukizwa na nani?"

"Habari za mteja sizitoi, hata kwa mkewe. Dawa nitakueleza. Ni ya vidonda vya herpes kwenye ngozi. Wengi huwatoka mdomoni, na wengi wameviokota utotoni, kwa busu la shangazi. Virusi hulala mwilini, ukipata homa au jua kali vinaamka. Dawa hii husaidia kidonda kipone upesi kidogo, virusi haiviondoi."

"Kwa hiyo hajanisaliti?"

"Tyubu haiwezi kukwambia hilo. Muulize mwenyewe. Na wewe, hujawahi kutokwa na malengelenge mdomoni?"

Editha akajigusa mdomo. Kila kipupwe yalimtoka pembeni ya mdomo. Mama yake aliyaita malaria. Mwezi uliopita tu, kidonda kikiwa kibichi, alimbusu Silvano.

Aliporudi alimkuta Silvano amekaa bila barakoa, kigaga kwenye mdomo wa juu.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Nilisoma kuwa ni ugonjwa wa zinaa. Mimi sijatoka nje, Edi. Nikakumbuka kile kidonda chako."

"Ukanishuku mimi?"

"Siku nane. Nilikuwa nakuangalia unavyochagua kitambaa cha harusi, najiuliza ni mwanamume gani."

Editha alitaka kufoka, akajizuia. Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kumtafuta mwanamke.

"Yangu nimekuwa nayo tangu nikiwa darasa la pili," akasema taratibu. "Zaitun anasema wengi huyapata utotoni, kwa busu tu. Huenda nimekupa mimi. Nisamehe."

"Huenda ni wewe, huenda ni bibi yangu. Hatutajua."

"Na ndoa?"

Silvano akamvutia kiti.

"Ipo. Lakini kesho twende wote kwa daktari, tuulize kila kitu, wewe ukinisikia na mimi nikikusikia."

"Na ukinishuku tena?"

"Nitakwambia siku hiyohiyo. Hata kama nitakuudhi."

"Niudhi," Editha akasema huku machozi yakimtoka. "Niudhi, Silvano. Ila usininyamazie."