Malkia Hakuwapo Bwawani

Kicheko kilisikika kwanza. Kilipenya mlango mzito wa chumba cha kurekodia sauti, kikakatika, kikaanza upya, chembamba na chenye sumu. Ketaki Phadnis alikuwa amesimama nje na bahasha mkononi, huku akipitwa na wabeba taa, mafundi wa nywele na askari wa kale wenye ngao za plastiki, asijue amwulize nani. Kicheko cha nne kilipoisha, mlango ukafunguka. Akatoka kijana mrefu, mikono ya kanzu yake fupi ya pamba imekunjwa hadi viwikoni, kalamu mbili mfukoni, macho ya mtu aliyezoea kubishana.

"Nani anacheka humo?" Ketaki aliuliza.

"Malkia."

"Anamcheka nani?"

"Binamu wa mumewe. Amedhani maji ni sakafu, katumbukia bwawani. Wewe umekulia nchi gani usiyeijua hadithi hii?"

"Naijua. Ndiyo maana nauliza. Malkia hakuwapo bwawani."

Kijana akamtazama, kuanzia maua ya yasmini nyweleni hadi sari ya pamba rangi ya ndimu yenye pindo jekundu. Alipenda alichokiona, na hilo likamkasirisha zaidi.

"Dada, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Alicheka, akamsimanga binamu yule, mkuu wa upande wa pili, kwa upofu wa baba yake, na vita vyote vikaanzia hapo. Nimeiandika mimi mwenyewe."

"Uliisoma wapi?"

Ketaki akamwachia bahasha, akaenda zake.

Kijana huyo aliitwa Nirbhay Ojha, mwandishi wa mazungumzo katika tamthilia hiyo ya utenzi mtakatifu, iliyokuwa ikitazamwa na nusu ya nchi. Alitoka wilaya ya mbali ya Ballia bila cheti chochote. Mizani ya mashairi alijifunza peke yake, akihesabu silabi kwa vidole nyuma ya duka la kaka yake, na Mumbai alikuwa amenyanyua kichwa miaka mitano asimwinamie mtu. Bahasha, yenye masahihisho, ilitoka kwa baba yake Ketaki, mzee Phadnis, aliyeitwa Buwa kwa heshima, msimulizi wa hekalu la mtaa wa Vile Parle na mshauri wa maandiko wa tamthilia. Jina la mzee huyo lilipita kwenye kioo mwanzoni mwa kila kipindi, na watu wakaamini.

Kesho yake simu ya Ketaki ililia; namba yake ilikuwa kwenye bahasha.

"Hujambo, hakimu."

"Nani mwenzangu?"

"Mshtakiwa. Naomba kuuona ushahidi."

"Ushahidi una kurasa maelfu na uko Parle. Uje na miwani."

"Na chai?"

"Chai atanunua atakayeshindwa."

Walikaa kwenye benchi la mkahawa karibu na stesheni, treni zikipita nyuma yao. Ketaki akafungua kitambaa chekundu kilichofunika kitabu cha baba yake, akasoma, akafasiri.

"Hapa anatumbukia. Wanaocheka ni nani?"

"Ndugu wa mumewe. Na watumishi."

"Malkia?"

Nirbhay alipitisha kidole mstari kwa mstari, akarudia. "Hayupo."

"Sasa njoo huku mbele. Mkuu amerudi kwao, analia kwa baba yake. Ndipo anaposema hata malkia alimcheka. Anayesema ni yeye, mwenye kinyongo. Na lile simango la upofu halimo popote humu."

"Basi mimi nililitoa wapi?"

"Uliliona wapi mara ya kwanza?"

Akalikumbuka. Ua wa mkuu wa kijiji, asubuhi ya Jumapili, televisheni imeunganishwa na betri ya trekta, tamthilia ya zamani ya hadithi hii hii ikionyeshwa. Wanawake walikuwa wamechoma ubani mbele yake, wazee wamevua viatu. Alikuwa na miaka sita. Tangu siku ile hakuwahi kufikiri kwamba aliloliona lilikuwa limeandikwa na mwandishi wa kulipwa kama yeye.

"Kila mwanamume wa mtaani kwetu akimkasirikia mkewe," Ketaki alisema, "humwambia ulimi wa mwanamke mmoja ulimaliza majeshi. Usiwape maneno mengine. Hasa si kwa jina la Baba."

"Nitalifuta," alisema, akaushika mkono wake. Ketaki hakuutoa.

Zilifuata wiki mbili za simu.

"Umekula, hakimu wangu?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Basi utalala na njaa, maana nakata sasa hivi."

Na hakukata.

Siku ya kupeleka kurasa mpya, Nirbhay aliwakuta waigizaji na mafundi wote kwenye jumba la kifalme la mbao na rangi. Mwongozaji alizisoma akiwa amesimama.

"Umemtoa malkia? Hiki ndicho kipande ambacho watu wanakisubiri. Kwa nini? Jambo hili halimo kitabuni?"

Watu thelathini wakageuka. Yule aliyecheza mkuu akacheka chini ya taji lake. "Labda mwandishi wetu ndiyo kwanza anakisoma kitabu."

Damu ikampanda Nirbhay usoni. Neno moja tu la kweli lilitakiwa, na lilikuwa dogo.

"Limo," alisema. "Acheni kama lilivyokuwa."

Kila jioni alimpigia Ketaki akikusudia kumwambia, na kila jioni aliongea mengine.

Jumatatu, saa mbili usiku, Buwa alikaa kwenye kiti chake na bintiye pembeni. Jina lake likapita. Mkuu akatumbukia, malkia akainama juu ya ukingo, akacheka, akasimanga. Mzee akainuka akaizima televisheni mwenyewe.

"Masahihisho yangu ulimpa?"

"Nilimpa, Baba."

"Basi ameyaona, akaona niliyeyaandika si kitu."

Ketaki alitoka barazani na simu.

"Ulisema utalifuta."

"Ketaki, nisikilize kwanza."

"Walikulazimisha?"

Angeweza kusema ndiyo. Ndiyo ingemwokoa. "Hapana," alisema. "Waliniuliza kama limo. Nikaona haya kusema sikuwahi kusoma."

"Ukaona haya yako ni ghali kuliko jina la baba yangu."

Hakupokea simu yake tena. Jumatano watu wa hekalu walikuja nyumbani, wakakaa ukingoni mwa viti, wakakataa chai. Kama mwenyewe amekubali kipindi kile, walisema, basi ama miaka yote aliwadanganya wao kwa kusimulia vingine, ama sasa ameliuza jina. Wataamua kesho, kwenye simulizi.

Alhamisi saa kumi na moja jioni ukumbi ulijaa. Buwa alisimama amevaa kilemba chake na koti refu jeupe, vigongo vya mkononi vikipiga mapigo. Alimaliza sehemu ya kwanza, ile ya mafundisho, akanyamaza. Hapo, kama ilivyokuwa tangu enzi za babu zake, mwenyekiti wa hekalu humvika msimulizi shada la maua, na bila shada hadithi yenyewe haianzi. Bwana Athavale, mwenyekiti, alikuwa na shada mapajani. Hakuinuka.

Mpiga ngoma akatazama sakafu. Upande wa wanawake Ketaki alikuwa ameuma ncha ya sari yake. Buwa alibaki amesimama, shingo tupu.

Ndipo Nirbhay alipoingia peku, karatasi mkononi. Alikuja kumtafuta Ketaki. Alipoliona lile shada mapajani na shingo ya mzee tupu, akaelewa, akapita katikati ya watu hadi mbele.

"Naitwa Ojha. Kipindi kile nilikiandika mimi," alisema. "Masahihisho ya Buwa haya hapa, kwa wino wake mwekundu. Aliandika kwamba malkia hakuwapo bwawani. Binti yake akanionyesha kitabuni. Kisha nikaulizwa mbele ya watu, nikasema uongo kwa sababu ya kiburi changu."

"Na waliokuajiri wanajua uko hapa?" Athavale aliuliza.

"Sijui. Lakini maneno haya wanayo tangu jana, niliwaandikia. Leo asubuhi wamempa mwingine kazi yangu."

Buwa aliipokea karatasi, akautazama wino wake. "Babu zangu waliongeza mambo katika hadithi hii, humu humu ndani. Hata mimi huongeza. Lakini nikiongeza nasema, hili ni langu. Wewe la kwako ulilivika jina langu."

"Ndiyo, Buwa."

Kutoka upande wa wanawake akainuka Bibi Indumati, mjane wa mpishi wa hekalu, ambaye simulizi alizisikia kwa mbali tu kutoka jikoni, sari nyeupe, miguu imevimba. "Miaka hamsini," alisema, "kila nilipocheka, marehemu mume wangu aliniambia nyamaza, kicheko cha mwanamke kiliua majeshi. Kumbe hakuwapo?"

"Katika kitabu hiki hayupo bwawani, Bibi. Anayemsingizia huko mbele ni adui yake," Buwa alijibu.

"Nami sijui kusoma." Alitembea polepole hadi kwa Athavale, akalichukua shada mapajani mwake, na kabla mtu hajajua la kusema akamvika Buwa. Kisha akamgeukia Nirbhay. "Ni nani atakayenisomea kuanzia mwanzo mpaka mwisho, bila kunichezea?"

"Mimi, Bibi, ukiniamini."

"Wewe? Si umetuambia sasa hivi kwamba wewe ni mwongo?"

Ukumbi ukacheka. Nirbhay akainamisha kichwa, na safari hii hakukiinua.

Ketaki alisimama. Uso ulikuwa umemlowa, lakini sauti ilikuwa imara. Alimtazama baba yake, na Buwa akaitikia kwa macho.

"Atakusomea yeye, Bibi," alisema, "nami nitaketi ubavuni pake, nikifuata kila mstari. Akiruka neno nitamrudisha, akiongeza la kwake nitamkatiza. Nakuahidi mbele ya Baba, na mbele ya watu hawa wote, kwamba nitafanya hivyo, nikiwa mke wake, maisha yangu yote na yake."