Upepo wa Siku ya Tisa

Enzi za Malkia Sikitu, katika mlima wa Sangwe, pepo zilikuwa na adabu kuliko watu. Alfajiri ulipanda upepo kutoka uwandani. Adhuhuri ulishuka mwingine kutoka kileleni. Na kila siku ya tisa ulishuka upepo mkuu, uliopewa heshima ya kuitwa Babu. Babu aliamkiwa na watu wote, midomo ikiwa imefumbwa, maana aliyemwamkia kwa kinywa wazi alikula mchanga.

Siku moja ya tisa ilimkuta Bi Zamoyo, mpishi wa ngome, hana raha. Ngome ilikuwa imezingirwa miezi mitatu, na amiri aliyeizingira alikuwa Mwekwa, mwanawe wa pekee, aliyegombana na baraza, akahamia uwandani, akarudi na mikuki elfu nne. Sasa askari wa malkia walikuwa wamelundika nyasi kavu mteremkoni. Babu akishuka, mwenge mmoja ungetosha kuiteketeza kambi nzima.

Bi Zamoyo akapiga magoti, akaomba aachiwe upepo kwanza, kabla ya moto. Malkia akamuuliza aufanyie nini.

"Nipike."

"Bibi, hii ni vita."

"Najua, Malkia wangu. Na yule hajala."

Washauri walicheka hadi vilemba vikalegea. Malkia hakucheka, kwani uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, naye alikuwa amezaa wanne. Akampa muda wa chungu kimoja kuiva.

Bi Zamoyo akakaanga vitunguu kwa samli ya mwisho iliyobaki ngomeni, akatia tangawizi, akatumbukiza ndizi mbichi. Babu akashuka, akaibeba harufu ile hadi kambini, kwa watu waliokula mtama mkavu siku tisini. Mikuki ikainama. Wapo waliolia, wakausingizia moshi.

Mienge ilikuwa imekwisha kuwashwa Mwekwa alipoonekana akipanda peke yake, deraya ameivua, upanga ameufunga kwa kilemba chake. Akasimama langoni mbele ya mama yake, hajui aanzie wapi.

"Shikamoo, mama. Umezidisha tangawizi."

"Marahaba. Nawa mikono."

Jeshi likarudi makwao. Uasi, hata hivyo, ni uasi, na sheria ilidai Mwekwa ahame nchi milele. Washauri wakapendekeza majangwa ya nyuma ya kilele. Malkia akawasikiliza wote hadi mwisho, kisha akamchagulia kijiji cha uwandani, upande ule anakoshukia Babu.

Na tangu hapo, kila siku ya tisa, Bi Zamoyo alibandika chungu mapema.