Kikasha Kipya cha Étienne

Jamani, plastiki haipumui. Étienne alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale Bunia, maana kazi yake ilikuwa kuuza sarafu za kale kwa watu wa Ulaya, zile zilizokwisha kupimwa na wataalamu na kufungiwa ndani ya vikasha vigumu vya plastiki, kila kimoja na karatasi yake ya daraja la ubora. Lakini ile sarafu ya Wabelgiji, iliyofukuliwa shimoni huko Nizi, ilikuwa na ukungu kama wa pumzi ndani ya kikasha tangu kipasuke pembeni siku alipoanguka na pikipiki. Ukungu ulikuja, ukaondoka, ukaja tena, hata saa sita mchana, jua kali.

Sheria ya kazi hiyo iko wazi: kikasha kikipasuka usikivunje, kirudishe vilevile kwa waliokifunga, wao ndio wakibadilishe. Étienne akaona miezi ya kungoja ni mingi. Kichwa kigumu! Akajinunulia kikasha kitupu, akashika koleo, akakivunja cha zamani.

Harufu ya udongo mbichi wa shimoni ikajaa sebule nzima. Hata hajaitia sarafu kwenye kikasha kipya, chumbani binti yake Divine, wa miaka mitatu, akaanza kulia.

"Papa, kuko muzee chini ya kitanda," alisema. "Anasema weye umemutoa mu nyumba yake."

Tangu hapo mtoto hakula. Shingo yake ikawa baridi, na chini ya kitanda kukawa na kitu kinakwaruza sakafu mchana kutwa. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Rébecca, mama yake, alikuwa amesali na wamama wa kanisa mpaka sauti ikamkauka, na sasa hakuona haya kwenda kumwita jirani yao mzee Abdoul, anayetibu watu waliopagawa na majini.

Abdoul alinusa mlangoni, akakataa kuingia.

"Huyo jini alifungiwa mule pamoja na sarafu," alinong'ona. "Sasa anatafuta pa kuingia, na anamutaka mutoto, ameshashika roho yake. Étienne, weka sarafu mu boîte mupya, uache wazi. Harufu itarudi mule yenyewe. Ikiisha mu nyumba yote, hapo ndio unafunga. Usifunge mbele ya harufu kuisha."

"Na nikifunga mbele, muzee?"

"Usiniulize mambo kama hayo."

Basi Étienne akaketi mezani, kikasha wazi mbele yake, Rébecca akiwa chumbani amempakata mtoto anayelia, na harufu ikaanza kusogea, ikatoka kitandani, ikapita chini ya pazia la mlango wa chumba, ikapanda mguu wa meza polepole huku mikwaruzo ikiifuata, mpaka Étienne akahisi baridi inampita vidoleni, na bado kule chumbani nusu ya harufu ilikuwa imebaki, na bado Divine alikuwa analia. Ilibaki kungoja kidogo tu.

Ndipo lori likapita barabarani. Vumbi jekundu likaingia dirishani, na Étienne, Mungu amsamehe, akaliona linashuka kwenye sarafu isiyo na doa. Miaka yote kazi yake ilikuwa kuzikinga sarafu na vumbi. Kabla hajafikiri lolote, vidole gumba vilikwisha kubana kifuniko.

Ka!

Kilio cha Divine kikakatika papo hapo.

"Papa," ikaita sauti ndogo. Haikutoka chumbani. Ilitoka mezani, ndani ya kikasha. "Papa, huku padogo. Nitoe."

Rébecca alipiga yowe. Étienne akavuta pazia, akamkuta mtoto ameketi wima mapajani mwa mama yake, macho makavu, na harufu ya shimo inamtoka mdomoni.

"Vunja!" Rébecca alilia. "Étienne, vunja hiyo kitu, mutoto wangu iko ndani!"

Alirudi mbio, akashika koleo, akakibana kikasha. Ndani yake Divine alikuwa anamwita, anamwita. Halafu chumbani ikasikika sauti ya mzee, nzito, isiyo na haraka, ikitoka kwenye kinywa kilekile kidogo alichokilisha uji kwa mkono wake.

"Vunja tu," ilisema. "Ataingilia wapi? Huku nimeshafunga."