Nzuri, Ila Jogoo Amenenepa

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, wala sikutia hata punje ya chumvi. Naapa kwa meno yangu yote, pamoja na yale yaliyokwisha kung'oka. Anayebisha aende Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe, aulizie nyumba ya Bi Waridi. Nyumba yenyewe haipo tena, wamejenga ghorofa, lakini kwenda aende.

Ilikuwa miaka ile reli ya kwenda Zambia ilipokuwa ikijengwa. Josepha, msichana wa darasa la tano, aliishi na mama yake katika chumba cha mwisho cha nyumba hiyo, kile chenye dirisha la kuelekea uani. Walikuwa Wachaga wa Rombo. Baba yake, Tarsis, alikuwa fundi wa reli, na kazi ilikuwa imempeleka mbali, huko Mlimba.

Kila alfajiri Josepha aliamshwa na jogoo wa Bi Waridi, ambaye akiwika vumbi lilidondoka kutoka kwenye mabati. Alichota maji bombani, akafagia sehemu yake ya ua, akavaa sare. Kabla ya kukimbilia mchakamchaka alisimama nje ya pazia la chumba chao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Habari za kulala?"

"Nzuri."

Basi, maongezi ya siku nzima yalikuwa yameisha. Kijiti cha kiberiti kingewaka muda mrefu zaidi.

Zamani haikuwa hivyo. Kila Jumamosi mama alikuwa akimweka Josepha kati ya magoti yake, akimsuka huku akiimba nyimbo za kwao, na akikosea njia ya nywele walicheka wote wawili. Sasa mama alikuwa mjamzito, na tangu mimba ilipoanza kuonekana alilala akiwa ameugeukia ukuta.

Chanzo cha yote kilikuwa kikombe cha chai. Bi Waridi, mwenye nyumba, Mzaramo mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti, alimpelekea mama Josepha chai ya tangawizi na kitumbua cha moto. Mama alivitazama, akaomba radhi, akashusha pazia. Kesho yake Mama Safari, mpangaji wa chumba cha tatu, alimwita watoke wakasukane uani. Hakutoka. Hapo wanawake wakakaa kikao na kutoa hukumu kwamba mimba ile ilikuwa imewachukia.

Mnajua mambo haya. Kuna mimba inachukia vitunguu, na kuna mimba inachukia watu. Bi Waridi alieleza kwamba mimba yake ya kwanza ilichukia viatu vya mumewe, hata yule bwana akawa anavivua huko huko kazini, mtaa wa Gerezani, na kurudi nyumbani pekupeku. Na mimba ikishamchukia mtu, adabu ni kupisha. Kwa hiyo wanawake wale hawakumtenga mama Josepha kwa ubaya. Walipita mbali na mlango wake kwa heshima kabisa, wakiwanyamazisha watoto, wakifikiri wanamtendea wema.

Bi Waridi alimwita Josepha pia, akamwambia kwa upole, "Usimzongezonge mama yako, mwanangu. Huenda na wewe imekuchukia. Akijifungua itakwisha."

Maneno yale yalimkaa Josepha kifuani kama mfupa wa samaki. Akaanza kulia chakula chake kizingitini. Akahamishia mkeka wake karibu na mlango. Alijifunza kuweka ndoo chini bila kuigonga, na kukohoa ndani ya kiganja. Alifanyia hesabu zake ukumbini, peke yake, akisikia wapangaji wengine wakicheka vyumbani mwao.

Nywele zake hazikusukwa tena. Shuleni, wakati wa mchezo wa rede, Candida wa dawati la nyuma alimuuliza mbele ya wote, "We Josepha, hicho kichwa au umefuga kichaka? Mama yako yuko wapi?"

Josepha alicheka pamoja nao. Halafu akaenda nyuma ya darasa, palipokuwa na bustani ya shule, akawa anang'oa magugu ambayo hakuna aliyemtuma kuyang'oa.

Kilichomtia hofu zaidi ni jogoo. Josepha alikuwa akipika ugali na mchicha kila jioni na kumwekea mama sahani kando ya kitanda. Sahani ilirudi tupu. Bi Waridi aliiona akafurahi, akasema mimba inachukia watu lakini haichukii chakula, ni sawa. Lakini siku moja, akiwa bombani, Josepha aliuona mkono wa mama ukipenya nondo za dirisha na kudondosha tonge baada ya tonge. Jogoo alikuwa chini, anasubiri kama mtu aliyeweka oda. Kwa chakula kile alinenepa hadi akaacha kuruka, akawa anawika akiwa amekaa.

Mkono ule ulikuwa umekonda. Josepha aliutazama mpaka ukarudi ndani. Angemwambia nani? Akimwambia Bi Waridi, atamwaibisha mama. Akimuuliza mama mwenyewe, mimba itazidi kumchukia. Akanyamaza, na kila siku jogoo akawa mnene na mama akawa mwembamba, na tumbo, ambalo lilitakiwa kukua, likawa palepale.

Wiki ile wauguzi walikuja shuleni kuchanja ndui. Josepha alipofika mbele ya mstari, nesi mmoja mrefu aitwaye Anaeli alimshika mkono, akamuuliza jina, kisha akamtazama vizuri. Sura na jina vilimkumbusha mama Josepha, aliyeonekana mara moja kwenye kliniki ya wajawazito na kutorudi tena.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Nesi Anaeli alimaliza kuchanja, ila mkono hakuuachia. Alikaa tu akimtazama Josepha kama mtu ambaye hajajibiwa. Nyuma, watoto wakaanza kunung'unika kwamba Mchaga ameng'ang'ania sindano.

Josepha aliangalia viatu vya nesi. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Nzuri, ila jogoo wa Bi Waridi amenenepa."

Nesi hakucheka. Akauliza, "Anakula nini?"

"Chakula cha mama."

Alasiri ile ile Nesi Anaeli alibisha hodi Mtaa wa Narung'ombe. Bi Waridi alimkaribisha, lakini aliposikia anayetafutwa ni nani akamzuia ukumbini kwa mkono, akamweleza habari ya mimba kuwachukia watu wote.

"Amekwambieni yeye mwenyewe?" nesi akauliza.

Bi Waridi akamtazama Mama Safari. Mama Safari akalitazama jiko. Katika nyumba yote ile hakupatikana mtu aliyeambiwa.

Nesi akaingia chumbani, na Josepha akabaki kizingitini, mahali pake. Nesi, naye Mchaga lakini wa Machame, aliamkia kwa Kimachame. Mama akajibu kwa Kirombo. Hakuna aliyemwelewa mwenzake, wakatazamana, na pembe ya mdomo wa mama ikacheza kidogo. Wakarudi kwenye Kiswahili.

"Habari zako, mama Josepha?"

"Nzuri."

Nesi akakaa juu ya kigoda, akaweka mikono magotini, akangoja. Uani maji yalikuwa yakidondoka kwenye ndoo. Mama alikaza macho ukutani muda mrefu, kisha akageuka.

"Nzuri, nesi, ila siwezi tena."

Machozi yakaanza kumtoka na maneno nayo yakafuata. Alisema mwaka uliopita alijifungua mtoto asiye na uhai, akamzika katika mji huu bila mama yake wala dada zake. Sasa anaogopa hata kulipenda hili tumbo. Usingizi hauji, chakula hakishuki. Kliniki alikwenda mara moja, akaona wajawazito wanacheka, akarudi. Halafu akasema jambo lililowafanya wanawake waliokuwa wakisikiliza nyuma ya pazia washike midomo. "Na watu wa nyumba hii wananipitia mbali. Najua wanaogopa mkosi wangu. Hata mwanangu ananiogopa, analala mlangoni."

"Mimi siogopi," Josepha akasema kutoka kizingitini. "Nilidhani mimba imenichukia."

Mama alimtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza tangu mvua za masika. Akasogea kitandani, akapiga kiganja chake mahali palipobaki wazi. Josepha akaingia chumbani, na safari hii hakunyata.

Bi Waridi alifunua pazia akiwa analia kwa sauti yake yote, na mwenye sauti ile akilia hata muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara hujua.

Kesho yake nesi alimpeleka mama kliniki. Daktari alipima tumbo, akasema mtoto ni mdogo kuliko umri wake lakini moyo unapiga vizuri, kwa hiyo muda upo. Akapanga mama aje kila wiki, si kwa ajili ya tumbo tu, bali pia aketi na kuzungumza yaliyomo moyoni. Tarsis alipelekewa habari, akaomba likizo.

Nyumbani Bi Waridi aliapa kwamba mgonjwa atakula mtori, chakula cha kwao cha ndizi na nyama. Tatizo ni kwamba Mzaramo yule hakuwahi kuona mtori. Alinunua ndizi mbivu sokoni, akazipika na nyama, na kwa kuwa hakuamini chakula kisicho na nazi, akatia nazi mbili. Mama alionja mbele ya wanawake wote. Akafumba macho. Kisha akacheka, cheko dogo lenye kutu, akamnyang'anya Bi Waridi mwiko na kuwaonyesha ndizi zinazofaa, zile mbichi.

Msifikiri alipona siku hiyo. Kulikuwa na siku alizougeukia ukuta tena. Lakini siku hizo Josepha alikaa kando yake na kitabu chake, na Mama Safari alileta ushonaji wake humo humo, na mtu hakula mpaka mama ale. Jogoo alikonda akaanza kuruka.

Mtoto alizaliwa kwa wakati wake, wa kike, mdogo lakini mzima. Tarsis alikuwepo. Nesi Anaeli alipokuja kumwona, alimkuta Josepha amembeba, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka.

"Nesi, ulijuaje siku ile shuleni kwamba nina neno?" Josepha akauliza.

"Sikujua," nesi akasema. "Lakini sisi Waswahili mtu hata akifiwa huanza kwa kusema nzuri, ndipo anaweka ila. Kwa hiyo mtu akikuambia nzuri, bado hajamaliza kukujibu. Ngoja. Na ukiona mtu amejifungia, usimtafutie sababu kichwani mwako. Nenda ukamuulize. Huzuni na hofu nyingi wakati wa ujauzito ni ugonjwa kama malaria, wala si mkosi na si maringo. Mama asipokula wala kulala, mtoto hudhoofika, na anaweza kuzaliwa kabla ya siku zake. Tiba ipo, na nusu yake ni watu."

Bi Waridi, aliyekuwa akichuja nazi, aliitikia kwa kichwa na kwa mara ya kwanza hakuongeza neno.

Na siku aliyozaliwa, kichanga yule alilia kwa nguvu hata treni ya stesheni ikasimama, dereva akidhani ni king'ora cha hatari.

Hapo ndipo niliponaswa. Josepha, ambaye siku hizi ni mkunga mwenye miwani, nilimpelekea hadithi hii aisome. Akaweka kidole kwenye mstari wa treni. Mdogo wake alizaliwa Rombo, akasema, maana baba aliwapeleka wote kwa bibi mwezi wa mwisho, wakarudi mjini baada ya arobaini, na Rombo treni haifiki. Akanitoza faini. Mke wa jirani yangu ni mjamzito na mumewe yuko safarini. Faini yenyewe ni kwamba nimpelekee maji, kisha nikae nimuulize habari zake, na mimi nisiseme lolote.

Nimelipa. Nimekaa alasiri nzima nimefunga mdomo wangu huu, nikingoja.