Malkia Asiyeitikia Shikamoo

Tunu ana miaka mitano. Mama yake husafisha picha kuukuu. Picha ikishika vumbi na moshi, huletwa kwa Mama.

Asubuhi hii imeletwa picha kubwa. Ilichorwa kwa rangi za mafuta, zamani sana, huko Ulaya. Ni picha ya malkia.

Malkia ana nywele nyeupe, zimepanda juu kama kichuguu. Gauni lake la samawati limejaa riboni na maua. Ila mapajani pake ni peusi tii kwa moshi.

Tunu ni mtoto wa adabu. Akasimama wima.

"Shikamoo, Malkia."

Akasubiri. Akasubiri tena.

Malkia hakuitikia. Alitabasamu tu.

"Mama, Malkia amenikasirikia," alisema Tunu.

"Kwani umemfanya nini?"

Tunu akaficha mkono nyuma. "Nimemgusa gauni. Kidole kilikuwa na asali."

Mama akainama, akatazama. Kweli, palikuwa na doa dogo.

"Siku nyingine usiguse," alisema Mama. Akachovya pamba kwenye dawa. Akafuta polepole.

Swa, swa, swa. Doa likatoka.

Tunu akasimama wima.

"Shikamoo, Malkia."

Akasubiri. Akasubiri tena.

Malkia hakuitikia. Alitabasamu tu.

Tunu akamgeukia Mama. Iliuma sana, kusalimia mtu mzima akakunyamazia.

"Doa limetoka, na bado amekasirika."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Sijamaliza kazi."

Mama akachukua pamba nyingine. Sasa akafuta pale mapajani, penye moshi.

Swa, swa, swa. Likatokea sikio.

Swa, swa, swa. Ikatokea pua ndogo.

Swa, swa, swa. Akatokea mbwa mdogo, mweupe, amejikunja mapajani mwa Malkia. Macho ameyafumba. Amelala fofofo.

Tunu akasogea karibu. Mikono ameiweka nyuma.

"Kumbe hajakasirika," alisema. "Hataki kumwamsha."

Furaha ikamjaa moyoni. Akanong'ona, kwa sauti ndogo kabisa:

"Shikamoo, Malkia. Usiitikie."

Jioni, baada ya kula, Tunu alipanda mapajani mwa Mama. Akajikunja. Macho akayafumba.

Kaka yake, Hamadi, akaingia kutoka mpirani.

"Shikamoo, Mama."

Akasubiri. Akasubiri tena.

Mama hakuitikia. Alitabasamu tu.