Kamera ya Harusi ya Huwaida

Nadra alikuwa akifukiza nguo za harusi za binti yake. Alizitandaza juu ya tenga, na ndani ya tenga aliweka chetezo chenye udi. Moshi mwembamba ulipanda kupitia vitambaa. Nyumba yote ilinukia, tangu ukumbini hadi ngazini.

Harusi ya Huwaida ilikuwa imekaribia. Jirani zao wa mtaa wa Mkomani, mjini Amu, waliingia na kutoka. Huyu alileta asumini, yule alileta masufuria makubwa ya kupikia pilau. Kila mtu alikuwa na furaha.

Nadra naye alikuwa na furaha, lakini furaha yake haikukamilika. Mama yake mzazi, Bi Mwanamkisi, alikuwa kisiwani Pate. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Hakuweza tena kushuka gatini wala kupanda boti. Huwaida alilelewa na bibi huyo mpaka alipoanza shule. Sasa mjukuu anaolewa, na bibi hatamwona.

Siku hiyo mumewe, Shuaib, alirudi kutoka Mombasa. Alishika boksi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

"Mama Huwaida, fumba macho," alisema.

"Nifumbe macho na moto uko mbele yangu? Sema tu, umeleta nini?"

Shuaib alicheka. Alifungua boksi, akatoa kamera ya video.

"Mama hawezi kuja harusini. Basi tutampelekea harusi kwake. Utaipiga video yote, aitazame kitandani mwake. Mwenye duka ameniambia hii ndiyo mpya kabisa."

Nadra alimshika mumewe mkono, akaubana.

Kazi hiyo ilikuwa ya Nadra mwenyewe. Siku ya kutolewa bibi harusi, anapoonyeshwa kwa wanawake wenzake, ukumbini huwa ni wanawake watupu. Huvua mabuibui, hupamba nywele, hucheza na kuimba. Simu huachwa mlangoni, ili picha zisitoke nje. Video ya siku kama hiyo haipelekwi kwa fundi wa mjini. Hupigwa na mwanamke anayeaminiwa, kisha hukatwa na kuungwa nyumbani. Huwaida alikuwa na kompyuta yake ya zamani, aliyoitumia chuo cha ualimu. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuhariri video, na alijua kuitumia.

Kesho yake Nadra alipanda boti kwenda Pate. Alitaka kujizoeza kutumia kamera kabla ya harusi. Tena alitaka Bi Mwanamkisi amwombee dua bibi harusi mbele ya kamera.

Bi Mwanamkisi alijifunga leso mpya. Aliitazama kamera kwa haya kidogo.

"Huwaida, mwanangu," alianza. "Mola akupe nyumba ya amani. Ukiudhika na mumeo, mwambie, usinune. Na ukimpenda mwambie pia. Mimi babu yako nilimpenda sana, lakini niliona haya kumwambia. Alikufa bila kusikia kwangu. Wewe usione haya."

Nadra hakuwahi kumsikia mama yake akisema maneno hayo. Lakini hakuzima kamera.

Nadra aliporudi Amu, Huwaida alitia kadi ya kamera kwenye kompyuta. Mama na binti wakakaa bega kwa bega.

Picha haikutokea. Kioo kilikuwa cheusi. Sauti ya bibi ilisikika kidogo, ikakatika, ikasikika tena. Halafu kompyuta ikaganda. Huwaida alijaribu kuiingiza video kwenye programu ya kuhariri. Programu iliikataa.

"Imeharibika?" Nadra aliuliza.

"Sijui, mama."

Nadra aliketi chini kwenye mkeka. Alifikiria afya ya mama yake. Je, akirudi Pate, atamkuta ana nguvu za kusema tena? Hakutaka kulisema jambo hilo mbele ya bibi harusi.

"Mwite Fahima," alisema mwishowe.

Fahima alikuwa jirani yao. Kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi upande wa wanawake. Wakati huo alikuwa na mimba kubwa, na daktari alimkataza kusimama muda mrefu. Kwa hiyo hakuchukua kazi mpya. Alipanda ngazi polepole, akapewa kiti na mto wa kuegemea.

Aliitazama kamera. Aliitazama kompyuta. Kisha akatabasamu.

"Bi Nadra, usihofu. Maneno ya mama hayajapotea. Yamo kwenye kadi, mazima kabisa."

"Mbona hayaonekani?"

"Nitakueleza. Video ni kitu kikubwa sana. Kamera huikunja ndogo ndogo ili ienee kwenye kadi. Kompyuta ndiyo inayoikunjua ili tuione. Sasa kamera hii inapiga video ya 4K, ambayo ni kubwa mara nne kuliko video ya kawaida. Tena inaikunja kwa mtindo mpya. Kompyuta hii ni ya zamani. Mtindo huo haiujui, na nguvu za kuikunjua video haina."

"Kwa hiyo kamera ni mbovu?" aliuliza Shuaib, aliyekuwa amesimama nje ya mlango.

"La, Bwana Shuaib. Kamera ni nzuri. Kompyuta nayo ni nzima. Ila hawaelewani."

"Mimi niliuliza kamera gani ni nzuri," alisema Shuaib. "Sikuuliza kama itakubaliana na kompyuta yetu."

"Wengi hufanya hivyo," Fahima alimjibu kwa upole. "Hutazama kamera kwanza. Ndia nzuri ya kufuata ni kuanza na kompyuta uliyo nayo na programu yake. Jiulize, programu yangu inafungua video za aina gani? Kisha tafuta kamera inayotoa aina hiyo."

"Yetu inafungua aina gani?" Huwaida aliuliza.

Fahima aliifungua programu, akasoma.

"MP4, ile ya kawaida. Na ukubwa unaoitwa Full HD. Huo unatosha kabisa kutazama nyumbani. Bibi hatahitaji zaidi."

Alitafuta kwenye kamera kama kuna njia ya kupunguza ukubwa na kubadilisha aina ya video. Kamera nyingine zina njia hiyo. Hii haikuwa nayo.

"Nipe kadi," alisema. "Kompyuta yangu ina nguvu. Nitaigeuza video ya mama iwe MP4 ya kawaida. Lakini harusi nzima siwezi kuwageuzia. Itachukua siku nyingi, na kila ukigeuza, picha hupoteza uzuri kidogo. Bora mbadilishe kamera dukani."

"Na nikifika dukani nitajuaje iliyo sawa?" Nadra aliuliza.

"Chukua kompyuta uende nayo."

Nadra alimtazama mumewe. Huwaida hakuweza kwenda, maana bibi harusi hatoki nje siku hizo. Jioni hiyo alimkalisha mama yake mbele ya kompyuta, akamfundisha kuingiza video, kuikata, kuiunga na kuihifadhi. Nadra alikosea, akarudia. Alikosea tena, wote wawili wakacheka. Mwishowe aliweza.

Nadra na Shuaib walivuka kwa boti hadi Mokowe, wakapanda basi la Mombasa. Nadra aliipakata kompyuta njia nzima, imefungwa kwa leso.

Mwuzaji dukani aliitwa Harith. Alikubali kuwabadilishia kamera. Alileta kubwa yenye kungʼaa.

"Chukueni hii, mama. Inavuta picha kutoka mbali sana."

"Ahsante, mwanangu," Nadra alisema. "Lakini mimi nitapiga video ukumbini. Watu wangu hawako mbali. Niruhusu niijaribu kwanza."

Alipiga video fupi ya mumewe akizungumza. Alitia kadi kwenye kompyuta, akafungua programu. Picha ilitokea vizuri. Nadra alifurahi, lakini akasubiri. Midomo ya Shuaib ilikuwa ikicheza, na sauti haikutoka.

"Ongeza sauti," alisema Shuaib.

Waliongeza. Kimya.

"Programu yangu haielewi sauti ya kamera hii," Nadra alisema. "Harusi bila nyimbo si harusi. Nionyeshe nyingine."

Harith alileta kamera ndogo, isiyo na mbwembwe. Kwenye boksi lake paliandikwa MP4 na Full HD. Nadra alimsimamisha mumewe kwenye pembe yenye giza, nyuma ya makabati. Kumbi za nyumba za mawe hazina mwanga mwingi, na alitaka kuona kama nyuso zitaonekana.

"Sema kitu," alimwambia.

"Niseme nini?" Shuaib aliuliza, akakohoa. "Haya. Mimi ni baba wa bibi harusi. Na huyu anayenipiga video ndiye mke wangu."

Nadra alifungua video kwenye kompyuta. Uso ulionekana. Sauti ilisikika. Alikata pale mumewe alipokohoa, akaunga, akahifadhi. Aliitazama tena tangu mwanzo. Haikuganda hata kidogo.

"Hii," alisema.

Harith alicheka kwa kufurahi. "Watu huja hapa wakasoma boksi, wakaondoka. Wewe ndiye wa kwanza kuniletea kompyuta dukani."

Kamera ilikuwa na tundu la kuchomeka maikrofoni. Walichukua maikrofoni ndogo, na betri ya pili, kwa kuwa shughuli ya wanawake ni ndefu.

Siku ya kutolewa ikafika. Huwaida alikaa kwenye kiti cha enzi, amepambwa kwa asumini na hina. Wanawake waligonga pembe za vugo na kuimba. Nadra alizunguka na kamera. Alipiga mikono yenye hina. Aliwapiga wanawake watu wazima waliocheza kwa madaha. Alimpiga binti yake alipoinua macho na kutabasamu.

Wakati huo Huwaida aliwekewa kwenye kompyuta video ya bibi yake, ile iliyogeuzwa na Fahima. Maneno ya Bi Mwanamkisi yalisikika wazi: "Wewe usione haya."

Nadra alishindwa. Machozi yalimziba macho. Fahima, aliyekuwa amekaa karibu, aliichukua kamera mkononi mwa Nadra, akaendelea kupiga.

Baada ya harusi, Huwaida alibaki nyumbani kwao na mumewe, kama ilivyo kawaida ya Amu. Asubuhi mama na binti walikaa pamoja kwenye kompyuta. Kwanza walinakili video zote mahali pawili, kwenye kompyuta na kwenye diski ya pembeni. Hapo ndipo walipoifuta kadi. Kisha walikata na kuunga. Walibakisha kila wimbo aliokuwa akiupenda bibi. Kompyuta ya zamani ilifanya kazi taratibu, lakini ilifanya. Hakuna mwanamume aliyeiona video hiyo, na hakuna mwanamke wa mtaa aliyekuwa na wasiwasi. Baadhi yao walianza kumwuliza Nadra habari za kamera. Swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: "Nyumbani una kompyuta gani?"

Hatimaye Nadra alikwenda Pate. Alimwegemeza mama yake kwenye mito, akaiweka kompyuta mapajani mwake.

Bi Mwanamkisi alitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Aliimba na waimbaji. Alitaja majina ya watu. Alipomwona Huwaida alisema, "Mashaallah, mashaallah," mpaka sauti ikamkauka.

Kisha akainua kidole. "Simamisha hapo. Nirudishie nyuma."

Nadra alirudisha. Ilikuwa ile sehemu aliyoipiga Fahima. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando, amejifunika uso kwa ncha ya leso, analia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe. Nilitaka useme mwenyewe." Bi Mwanamkisi aligusa kioo kwa kidole chake chembamba. "Huwaida nimemwona, alhamdulillahi. Amependeza. Lakini siku hiyo binti yangu alilia, na mimi sikuwapo kumfuta machozi matoni."

Aliisukuma kompyuta pembeni.

"Ndoo hapa," alimwita, akijipiga mapajani.

Nadra alilaza kichwa mapajani mwa mama yake. Mkono mkavu, wenye joto, ulimpitia machoni, jicho moja kisha la pili. Kwenye kompyuta wanawake waliendelea kuimba, na hakuna aliyewatazama.